Mjomba alirushwa nje akapona: je, mkanda una kazi gani kwa dereva?

Swali la msomaji:

"Daktari, shikamoo. Mimi ni dereva wa Noah, napakia abiria kati ya Tanga mjini na Muheza, huu mwaka wa tisa. Nisikufiche, mkanda naufunga nikikaribia trafiki tu, nikishawapita naufungua. Unanikata shingo, na joto la huku unalijua. Kilichonifanya nisiuamini ni mjomba wangu. Gari lao lilipinduka jirani na Hale, yeye hakufunga mkanda, akarushwa nje kwenye majani, akaamka na michubuko tu. Mwenzake aliyefunga alibaki ndani, akafa. Wenzangu wa kijiweni wanasema ukifunga mkanda na gari likashika moto huchomoki. Halafu gari langu lina eabegi mbili mbele, ile mifuko ya hewa inayofumuka gari likigonga. Mke wangu ana mimba ya miezi saba, anasema mkanda unambana mtoto, kwa hiyo akipanda anaukalia. Nataka jibu la kweli, siyo la trafiki: mkanda unamsaidia dereva, au umewekwa ili tulipe faini?"

Jibu:

Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa msiba ule. Nakushukuru kwa kusema wazi kwamba unaufungua mkanda ukishawapita trafiki. Madereva wengi wanaoletwa kwetu hunijibu "nilifunga" huku duara la usukani likiwa limejichora kifuani. Nimepokea majeruhi mkoani Tanga kwa miaka mingi, na barabara ya Segera naiendesha mwenyewe, kwa hiyo nakujibu kama daktari na kama mtu wa barabara hiyohiyo. Ndiyo, mkanda unamsaidia dereva, tena kuliko kifaa kingine chochote kilichomo ndani ya Noah yako. Lakini ili uuamini, sharti kwanza ujue unafanya nini. Mkanda hauzuii ajali. Kazi yake inaanza ajali ikishatokea, na inakwisha kabla hujamaliza kusema "Mungu wangu".

Unapokwenda kilometa 50 kwa saa, kila kilichomo ndani ya gari kinakwenda 50: wewe, simu iliyo juu ya dashibodi, moyo ulio ndani ya kifua chako. Ukiligonga lori lililosimama, gari linasimama. Wewe hujasimamishwa na mtu. Unaendelea mbele kwa kasi ileile mpaka ukutane na usukani, kioo au nguzo ya mlango. Na ukishasimama wewe, viungo vya ndani bado viko safarini: ubongo unagonga fuvu, moyo unauvuta mshipa mkuu wa damu, ini na wengu vinachanika pale vilipojishikiza. Ndiyo maana sisi tunaopokea majeruhi tunasema ajali moja ina migongano mitatu: wa gari, wa mwili na wa viungo. Watu wa kando ya barabara husikia mlio wa ule wa kwanza. Kwenye meza yetu tunahangaika na huo wa pili na wa tatu.

Sasa tuupime mwendo huo kwa kitu unachokiona kila siku. Mtu akidondoka kutoka urefu wa meta 10, anafika chini akiwa na kasi ya kilometa 50 kwa saa. Meta 10 ni mnazi wa kawaida. Kilometa 80 kwa saa ni sawa na kudondoka meta 25, na minazi ya urefu huo ukienda Pangani utaihesabu kwa vidole. Wapo madereva wanaoniambia, "Daktari, nikiona hatari najishikilia kwenye usukani." Muulize mkwezi yeyote kama akidondoka kutoka juu ya mnazi anaweza kujizuia kwa kutanguliza mikono.

Nipe dakika moja ya hesabu, kwa sababu siri yote ya mkanda imo humu. Chukua dereva wa kilo 70, mwendo ni uleule wa 50. Akifunga mkanda, anasimama pamoja na gari. Pua ya gari inajikunja, mkanda nao unanyumbuka kidogo, na tuseme kwa jumla amepata sentimeta 60 za kusimamia. Nguvu inayomkandamiza ni kama uzito wa kilo 1,150, yaani mifuko 23 ya saruji kutoka pale Pongwe. Ni nyingi, sikatai, lakini inagawanywa kwenye mifupa ya nyonga, mbavu na bega, mifupa ambayo Mwenyezi Mungu aliiumba kubeba. Asipofunga, pua ya gari inajikunja bila yeye kufaidika nayo, kwa sababu bado yuko hewani akielekea mbele. Anapoufikia usukani, gari limeshasimama. Amebakiwa na kama sentimeta 5, zile za usukani kupinda na kifua kubonyea. Mwendo wa kuuondoa ni uleule, nafasi imepungua mara 12, basi nguvu inapanda mara 12: karibu tani 14, mifuko 275 ya saruji, kwenye mfupa wa kifua peke yake.

Kwa hiyo mkanda unachokupa ni sentimeta 55. Na Noah ina pua fupi, maana yake sentimeta ni chache tangu kiwandani. Huna za kutupa.

Mwili wa binadamu, ukishikwa panapostahili na ukapewa muda wa kusimama, unavumilia makubwa. Desemba 1954 daktari mmoja wa jeshi la anga la Marekani, John Paul Stapp, alijifunga mikanda kwenye kigari cha roketi kinachokimbia juu ya reli. Kikafika zaidi ya kilometa 1,000 kwa saa, kisha kikasimamishwa ndani ya sekunde 1.4. Kwa kitambo kifupi mwili wake ulikandamizwa kwa zaidi ya mara 40 ya uzito wake. Macho yalivilia damu, lakini alipona, na alifariki mwaka 1999 akiwa na umri wa miaka 89. Namheshimu sana mtu huyo, kwa sababu aliutoa mwili wake mwenyewe ili sisi tujue mwili unabeba kiasi gani.

Miaka mitano baada ya jaribio lile, mwaka 1959, mhandisi wa Sweden aitwaye Nils Bohlin, ambaye awali alikuwa akitengeneza viti vya kuwarusha marubani nje ya ndege za kivita, aliibunia kampuni ya Volvo mkanda wa ncha tatu, huuhuu ulio kwenye siti yako. Volvo iliruhusu viwanda vingine viuige bila kulipa. Sheria ya kwanza ya kulazimisha watu kuufunga ilipitishwa katika jimbo la Victoria, Australia, mwaka 1970. Unaona mpangilio ulivyokuwa? Kifaa cha kuokoa kilitangulia, sheria ikafuata miaka 11 baadaye, baada ya watu kuona nani anazikwa na nani anarudi nyumbani. Faini ilikuja mwisho kabisa.

Unasaidia kwa kiasi gani? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kwa wanaokaa siti za mbele mkanda unapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 45 hadi 50. Karibu nusu. Sikwambii mia kwa mia, na akikwambia mtu hivyo usimwamini. Gari likigongwa ubavuni usawa wa mlango wako, mkanda una uwezo mdogo. Gari likiingia chini ya tela la lori, paa likafika kwenye siti, mkanda hauna la kufanya. Na mkanda wenyewe unaumiza: nimeona mitulinga iliyovunjika, mbavu, hata utumbo uliochanika kwa mkanda uliofungwa juu ya tumbo. Mtulinga unaunga kwa wiki chache. Ubongo uliopondeka hauna dawa hiyo.

Tuje kwa mjomba. Simulizi lake ni la kweli, nami sibishani nalo. Ila fikiria ni nani anayesimulia. Aliyerushwa nje akapona anasimulia harusini, anasimulia msibani, anasimulia miaka 30. Aliyerushwa nje akafa hasimulii chochote. Kijiwe chenu kinasikia upande mmoja tu wa habari. Marekani, ambako ajali zenye vifo huandikwa moja moja, takriban robo tatu ya waliorushwa nje kabisa katika ajali hizo walikufa. Na ukiona wanavyoletwa hutashangaa. Anayerushwa hutokea dirishani au mlangoni akiwa na kasi ya gari; anatua kwenye lami, kwenye jiwe la kilometa, kwenye shina la mwembe, au gari lenyewe linamlalia katika mzunguko unaofuata. Mjomba alitua kwenye majani. Yule aliyefunga na akafa huenda paa lilimbonyea upande wake, na hilo ni kati ya yale niliyokwambia mkanda hauyawezi. Laiti mjomba naye angekuwa amefunga, uwezekano mkubwa ni kwamba angekuwa hai vilevile, labda na bega lililovilia damu.

Kuhusu moto, na wengine huongeza kutumbukia majini: ajali za namna hiyo ni sehemu ndogo sana ya ajali zote. Hata hizo chache, anayetoka kwenye gari linalowaka ni yule mwenye fahamu na mwenye miguu mizima, na fahamu hiyo ndiyo inayolindwa na mkanda. Kubonyeza loki kunachukua sekunde moja. Kichwa kilichogonga kioo hakina hiyo sekunde. Kama hofu bado ipo, kaa kwenye siti yako gari likiwa limezimwa, fumba macho, itafute loki kwa mkono wa kushoto mara kumi. Mkono utaijua njia.

Nikuonyeshe kitu kimoja nilichokiona kwa karibu. Asubuhi moja, alfajiri ndiyo kwanza imepita, waliletwa watu wawili wa gari moja dogo. Lilikuwa limegonga nyuma ya lori la machungwa lililoharibika njiani bila alama yoyote. Dereva alikuwa amefunga. Nilipomvua shati nikaona mstari wa zambarau, upana wa vidole vitatu, kutoka bega la kulia ukishuka kifuani hadi nyonga ya kushoto, kama mtu aliyepigwa chapa. Mbavu mbili zimevunjika, anapumua kwa shida, lakini ananiuliza mwenzake yuko wapi. Mwenzake alikuwa ameuvuta mkanda kifuani na kuushika kwa mkono, bila kuuingiza kwenye loki, kwa sababu walikuwa wametoka kupita kizuizi muda si mrefu. Ndugu zake walinionyesha picha ya kioo cha mbele kwenye simu: utando wa mipasuko, na katikati ya utando nywele fupi zimenasa. Alipona, ndiyo. Miezi minne baadaye alikuwa bado halijui jina la binti yake. Ndugu yangu, mkanda ulioushika mkononi ni kitambaa tu. Ninakuomba, hata kama mengine yote utayasahau, hilo ulikumbuke.

Eabegi zako mbili ni vitu vizuri, na sitaki uzidharau, ila zilitengenezwa kumsaidia mtu aliyefunga mkanda. Mfuko huo hujaa kwa sekunde tatu au nne za mia, haraka kuliko kupepesa jicho, na hutoka ndani ya usukani kwa kasi inayozidi kilometa 200 kwa saa. Mkanda ndio unaokuzuia usikutane nao ukiwa njiani. Unakuchelewesha mpaka mfuko umeshajaa na umeanza kutoa hewa, hapo ndipo uso wako unatua kwenye mto. Usipofunga, breki za ghafla zinakusogeza mbele kwanza, na mfuko unapofumuka unakukuta kidevu kiko juu ya usukani. Shingo huvunjika hivyo. Ukae umbali usiopungua sentimeta 25 kati ya mfupa wa kifua na katikati ya usukani. Ni kama shibiri moja na vidole viwili vitatu. Tena eabegi hizo za mbele hufanya kazi mara moja tu, na gari likipinduka kama la mjomba mara nyingi hazifumuki kabisa.

Na kwa gari lililotumika Japani kabla ya kuletwa hapa kuna jambo jingine. Kampuni ya Kijapani ya Takata ilitengeneza mamilioni ya eabegi ambazo kemikali yake ya kufumulia mfuko inaharibika kwa joto na unyevunyevu wa miaka mingi. Ikishaharibika, mfuko unapofumuka chombo cha chuma kinapasuka na kurusha vipande usoni na shingoni mwa dereva. Watu wamekufa kwa namna hiyo. Toyota, Honda, Nissan na Mazda ni miongoni mwa viwanda vilivyoyaita magari yake yarudishwe kubadilishiwa. Joto na unyevunyevu: hiyo ndiyo hali ya hewa ya pwani yetu, mwaka mzima. Chukua namba ya chesisi, uipeleke kwa wakala wa kampuni iliyotengeneza gari, uulize kama gari lako limo kwenye orodha ya kurudishwa na kama lilishabadilishiwa. Usimruhusu fundi wa mtaani aifungue eabegi mwenyewe, ina baruti.

Kukatwa shingo. Hili ni tatizo la kweli na lina tiba. Tazama nguzo ya mlango pale mkanda unapotokea juu: magari mengi yana kishikio cha kubonyeza, ukakiteremsha au kukipandisha. Kama hakipo au kimekwama, inua siti au isogeze kidogo. Mkanda upite katikati ya mtulinga, kati ya shingo na ncha ya bega, ushuke katikati ya kifua. Sehemu ya chini ilale kwenye mifupa ya nyonga, chini ya kitambi kama unacho, ikikaza. Kuna wanaoupitisha chini ya kwapa ili usiguse shingo. Hapo mzigo wote unakwenda kwenye mbavu za chini, na nyuma ya mbavu hizo kuna ini na wengu. Kuna wanaoubana kwa kibanio cha nguo ili ulegee. Kila sentimeta ya ulegevu inatoka kwenye zile 55 zako. Na kuna hili la kulaza siti nyuma uendeshe umejinyoosha kama uko kwenye kitanda cha kamba. Ukigonga, utateleza chini ya mkanda, mkanda uupande mwili kutoka nyonga hadi tumboni. Utumbo niliouona umechanika ulikuwa wa dereva aliyelaza siti. Toa funguo na chenji mfukoni pia, kwenye upande mkanda unapopita.

Joto silipingi. Jasho likikaukia kwenye mkanda linaufanya uwe mkavu na wa kukwaruza, kwa hiyo uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, uache ukauke kivulini ukiwa umevutwa nje. Usitie dawa ya kung'arishia nguo, inakula nyuzi.

Sasa mama mtarajiwa. Mpe salamu zangu, na umwambie hofu yake ina mantiki, kasoro ni mahali pa kuuweka mkanda. Mkanda ukipita juu ya tumbo, ni kweli unamkandamiza mtoto. Auvute chini kabisa, chini ya tumbo, ulale kwenye nyonga na juu ya mapaja. Kipande cha juu kipite katikati ya matiti na kuzunguka ubavu wa tumbo. Asogeze siti nyuma kadiri inavyowezekana. Kinachowaua watoto walio tumboni kwenye ajali mara nyingi ni mama kuumia vibaya, au kondo la nyuma kubanduka kwenye ukuta wa mji wa mimba. Mama asiyefunga analipiga tumbo lake lote kwenye dashibodi, kwa uzito ule wa saruji tuliouhesabu. Na kama mna mtoto mdogo anayepakatwa siti ya mbele, ahamie nyuma. Kwa mgongano wa 50, mtoto wa kilo 10 anavuta mikono ya mama kwa uzito unaozidi kilo 160. Hakuna mikono ya kumshika, hata ya mama. Wala wasifungwe wote wawili kwa mkanda mmoja, kwa sababu mama ndiye atakayemponda.

Mke wako akipata ajali yoyote akiwa na mimba hii, hata ya kugongwa nyuma kidogo tu, aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama anajiona mzima. Kondo linaweza kubanduka bila jeraha lolote la nje. Mapigo ya moyo wa mtoto yanatakiwa kufuatiliwa kwa saa kadhaa. Akiona damu, maji yakitoka, tumbo likikaza au mtoto akiacha kucheza, asingoje kukuche. Na kama kundi lake la damu ni hasi, awaambie mapema, kuna sindano anayohitaji kuchomwa.

Wewe nawe nakuomba usijitibu kijiweni. Baada ya ajali, alama ya mkanda kifuani ni jambo la kawaida, lakini michubuko inayopita tumboni ni onyo kwetu kwamba utumbo au ini vinaweza kuwa vimeumia. Maumivu ya tumbo yanayoongezeka, kutapika, tumbo kujaa, maumivu juu ya bega la kushoto bila bega kuumia, mkojo wenye damu, kupumua kwa shida, kichwa kuuma sana au usingizi usio wa kawaida: lolote kati ya hayo ndani ya siku mbili tatu, nenda hospitali ya Bombo ukiwa upande wa mjini, au ya Teule ukiwa upande wa Muheza. Usimeze dawa ya maumivu ukalala. Wengu linalovuja damu linaweza kukaa kimya siku nzima, halafu likakuangusha ghafla.

Nimeacha abiria mpaka sasa makusudi, kwa sababu wanakuhusu wewe dereva kuliko unavyodhani. Mwaka 2002 watafiti wa Kijapani walichapisha katika jarida la The Lancet uchunguzi wao wa ajali za magari nchini mwao. Waliona kwamba aliyekaa mbele na kufunga mkanda anakuwa katika hatari ya kufa karibu mara tano zaidi pale abiria wa nyuma yake hawakufunga. Sababu unaijua tayari: abiria wa kilo 70 naye anaendelea na safari, na kitu cha kwanza anachokutana nacho ni mgongo wa siti yako. Wewe umefunga, umepewa sentimeta zako, halafu mtu anakuja nyuma yako na tani yake.

Basi wiki hii, kabla ya zamu, ikague mikanda yote ya Noah. Uvute kila mmoja polepole hadi mwisho, utazame nyuzi: uliochanika ukingoni, uliopauka kwa jua, uliokakamaa, au ulioshonwa na fundi cherehani, ubadilishwe. Uvute kwa ghafla, sharti ukwame. Uachie, sharti urudi wote ndani wenyewe. Ukikwama gari likiwa limeegeshwa kwenye mteremko, kama kule Mombo kupandia Soni, usiogope, kidude cha ndani kinauhisi mlalo wa gari na ndivyo kilivyotakiwa. Sukuma loki, uisikie inalia, kisha uuvute kwa nguvu. Kagua na boliti zinazoushika chini, maana chumvi ya bahari inakula chuma taratibu bila kuonekana. Mkanda ambao umewahi kumshika mtu kwenye ajali haufai tena, hata uonekane mpya. Kama gari lilishagonga kabla hujalinunua, au taa ya eabegi inawaka kwenye dashibodi bila kuzimika, hilo si la kukagua mwenyewe. Lipeleke kwa fundi anayejua mifumo hiyo na alipime kwa kompyuta. Na ukinunua mkanda wa gari lililokatwa, muulize muuzaji gari hilo lilikufa kwa nini. Ikiwa ni kwa ajali, acha.

Halafu inua kava za siti za nyuma. Kwenye Noah nyingi nilizopanda, loki zimezama chini ya kava na mikanda imekunjwa ikaviringishwa chini ya siti tangu gari liliposhuka bandarini. Kata matundu kwenye kava, zitoe juu, zifute mchanga, na asubuhi ukiondoka stendi ya Kange mwambie konda wako ahakikishe zimeingia kabla hujaweka gia.